Afya ya Nyumba ya Mkristo: Mkono Uliovunjika kwa Kuanguka Kidogo

  

Mwezi uliopita nalipokea barua kutoka kwa mwalimu mmoja wa bara. Aliniandikia habari za mama mkwe wake, mwanamke mcha Mungu mwenye miaka 58, akaaye nyumbani mwake. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, mama yule alitoka jikoni amechukua sufuria ya maji, mguu ukateleza kizingitini. Hakuanguka kutoka juu ya mti wala katika shimo. Alianguka pale pale alipokuwa amesimama, akautanguliza mkono wa kuume ili ajizuie, nao ukavunjika kwenye kifundo. Juma lile lile, asema mwalimu, kijana wa darasa la tano alianguka kutoka juu ya mwembe wa shule, akainuka, akakung'uta mavumbi, akaenda zake akicheka. Basi mwalimu auliza: "Imekuwaje aliyeanguka kidogo avunjike, na aliyeanguka sana apone? Maana hapa kwetu wako wasemao kuwa mama huyu amefanyiwa jambo na watu, na wengine wamemwambia mke wangu kuwa ni adhabu ya dhambi iliyofichwa."

Haya ya mwisho nayajibu kwanza, kwa kuwa hayahitaji maneno mengi. Kila mkatekumeni azijua habari za wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na jinsi Bwana wetu alivyowakataza watu kuwahesabu kuwa wenye dhambi kuliko wengine. Mama huyu naye asihesabiwe hivyo. Kizingiti kilikuwa na maji, na mfupa ulikuwa umepungua nguvu. Mambo hayo mawili yatosha kuuvunja mkono, wala hakuna haja ya kumtafuta jirani wa kumlaumu.

Lakini mfupa hupungukaje nguvu? Hapo ndipo penye swali lenyewe, nami nitalijibu kwa kadiri nilivyosoma na kuwauliza wajuao, maana mimi si daktari.

Wengi wetu hudhani mfupa ni kama jiwe lililowekwa ndani ya nyama, likakaa lilivyo mpaka kaburini. Sivyo. Mfupa u hai, una damu ndani yake, nao hubadilika siku zote. Mfikirie mtu ajengaye nyumba ya miti na udongo. Kwanza husimamisha nguzo na kufunga fito, ndipo akandike. Fito zisizokandikwa hupepesuka kwa upepo, na udongo usio na fito huanguka chini. Ndivyo ulivyo mfupa. Una nyuzi imara zilizosukwa pamoja, ndizo fito zake. Na juu ya nyuzi hizo hukandikwa madini, hasa kalsiamu, iliyo ya jamii ya chokaa, pamoja na fosforasi. Katika kalsiamu yote iliyomo mwilini mwa mtu, sehemu 99 katika 100 imo katika mifupa na meno.

Tena nyumba hii haikomi kujengwa. Ndani ya mfupa mna chembe hai za namna mbili: wabomoaji na wakandikaji. Katika mtu mzima, yapata sehemu moja katika kumi ya mifupa yake yote hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Utotoni na ujanani wakandikaji huwashinda wabomoaji, na akiba ya madini huongezeka, hata kabla ya miaka 30 inafikia kilele chake. Kisha hutulia, kisha huanza kupungua. Kwa mwanamume hupungua polepole. Kwa mwanamke, desturi yake ya kila mwezi ikomapo, homoni iitwayo estrojeni, iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji, hupungua sana, nao hufanya kazi kama watu walioachwa bila msimamizi. Miaka 5 hadi 10 ya kwanza baada ya hapo ndiyo yenye hasara kubwa. Daktari Fuller Albright wa Boston, Marekani, pamoja na wenzake, waliandika habari hii waziwazi mwaka 1941, na tangu hapo madaktari wameacha kuudhania udhaifu wa mifupa ya mama wazee kuwa ni uzee mtupu.

Sasa kitazame kifundo cha mkono. Kutoka kiwiko hadi kifundo mna mifupa miwili, na ule wa upande wa kidole gumba ndio upokeao uzito mwingi mtu aangukapo juu ya kiganja. Katikati yake mfupa huo una ganda nene na gumu, mfano wa mwanzi. Lakini ukaribiapo kifundo ganda huwa jembamba, na ndani yake hujaa vijiti vidogo vidogo vilivyopitana huku na huku kama sifongo. Wabomoaji wapendapo kuanza kazi ni hapo kwenye sifongo. Vijiti hupungua unene, kisha vingine hukatika, na mwenye mkono hana habari, maana hauumi wala hauvimbi. Mama hulima, hutwanga, husuka mikeka, na ndani ya kifundo chake udongo unabanduka ukutani.

Alama ya kuvunjika huku ilielezwa vema na mpasuaji wa Dublin, katika Ireland, jina lake Abraham Colles. Aliandika mwaka 1814, miaka 81 kabla Röntgen hajagundua miali ya eksirei mwaka 1895. Yaani bwana yule hakuwa na picha yo yote ya mfupa, alikuwa na macho na vidole vyake. Kabla yake madaktari wengi waliuona mkono uliovimba na kupinda baada ya kuanguka, wakasema kiungo kimetoka mahali pake. Yeye akasema, la, ni mfupa wenyewe uliovunjika, juu kidogo ya kiungo. Mpaka leo mvunjiko huo huitwa kwa jina lake. Mkono ukitazamwa kwa upande hufanana na uma wa kulia chakula uliolazwa kifudifudi.

Habari hii ya Dublin naiandika si kwa kupenda mambo ya mbali. Naiandika kwa sababu kosa lile la kabla ya mwaka 1814 bado limo katika vijiji vyetu. Mama akianguka na kifundo kikivimba, neno la kwanza litokalo kinywani ni, "Umeteguka." Kisha huitwa mwenye kuchua. Mkono huvutwa, huchuliwa kwa mafuta ya moto, hufungwa kitambaa, na mwenye mkono huambiwa avumilie.

Naweza kulisema hili kwa kuwa nalilitenda mimi mwenyewe.

Mama yangu mzazi alianguka mwaka 2009 njiani akitoka kisimani. Alikuwa na miaka 61. Aliingia nyumbani ameukumbatia mkono wake wa kushoto, nami nikautazama nikasema, "Umeteguka, mama." Nikamwita mzee mmoja mwenye sifa ya kuunga viungo. Sitamlaumu, alifanya alilolijua, na kwa vijana waliotegukia uwanjani alikuwa amefanya mema mengi. Mama alilia siku ile, naye si mtu wa kulia. Baada ya miezi mkono ukapoa, lakini ulipoa umepinda, na tangu hapo hakuweza kukamua nguo wala kufungua kifuniko cha chupa. Sisi watoto tukazoea. Wajukuu wakawa humkamulia nguo. Tukahesabu kuwa jambo limekwisha.

Mwaka 2016 akatoka usiku kwenda uani, akaanguka kwa ubavu, mfupa wa nyonga ukavunjika. Alilala kitandani miezi minne, kisha akalala katika Bwana. Daktari aliyemtazama aliniuliza swali moja tu lililonikaa moyoni: "Je, mama huyu alipata kuvunjika mfupa mwingine kabla ya huu?" Nikamwonyesha mkono wa kushoto. Akautikisia kichwa, akaandika katika karatasi zake, asiseme neno. Baadaye ndipo nalipoelewa kwa nini aliuliza.

Maana mkono huvunjika kwanza. Mtu wa miaka 50 au 60 bado huenda kwa mwendo mzuri. Akijikwaa huanguka mbele, na mikono yake bado ni myepesi, huitanguliza upesi. Basi kifundo hupokea pigo. Mtu wa miaka 75 au 80 huenda polepole, huanguka kando au nyuma, mkono huchelewa, nayo nyonga hupokea pigo. Mfupa unaopungukiwa ni wa mwili mzima, lakini kifundo husema mapema, pengine miaka kumi au ishirini kabla ya nyonga. Imeonekana kwamba mwanamke aliyekwisha kuvunjika kifundo kwa kuanguka kidogo, hatari yake ya kuvunjika nyonga baadaye ni yapata mara mbili ya ile ya mwenzake asiyevunjika. Ndiyo maana nasema mkono wa mama yangu ulituletea barua, nasi hatukuifungua.

Mtu atauliza: Je, upungufu huu waweza kupimwa kabla ya kuvunjika? Waweza. Mwaka 1963 wataalamu wawili wa Marekani, John Cameron na James Sorenson, walitangaza njia ya kupitisha miali isiyoonekana katika mkono wa mtu aliye hai, na kupima ni kiasi gani kilichotokea upande wa pili. Penye madini mengi miali mingi huzuiwa. Penye machache hupita. Yapendeza kujua kuwa walianzia katika mkono. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaja mashine zitumiazo miali ya nguvu mbili mbalimbali, ili kutenga mfupa na nyama, nazo hupima hasa nyonga na uti wa mgongo. Kipimo hicho ndicho kiitwacho msongamano wa madini ya mfupa: yaani madini ni kiasi gani katika eneo fulani la mfupa. Mgonjwa hulala tu kitandani kwa dakika chache. Hachomwi sindano wala haumizwi.

Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka namna ya kuisoma hesabu hiyo. Mfupa wa mgonjwa hulinganishwa na wa mwanamke kijana mwenye afya. Akiwa sawa naye, hesabu ni sifuri. Akipungua mpaka 1 chini ya sifuri, bado ni wa kawaida. Kati ya 1 na 2.5 chini ya sifuri, madini yamepungua. Akifika 2.5 chini ya sifuri au zaidi, huo huitwa ugonjwa wa mifupa dhaifu, ambao madaktari huuita osteoporosisi. Na kila hatua moja ya kushuka huongeza hatari ya kuvunjika yapata mara moja na nusu, na katika sehemu nyingine za mwili hata mara mbili na zaidi.

Hapa nataka kuwaonya wale wapendao namba, nao wamo wengi miongoni mwetu sisi walimu. Namba hii ni shahidi mzuri, lakini si hakimu. Watu wengi wanaovunjika mikono hawajafika 2.5 chini ya sifuri. Ni wale wa katikati, kwa kuwa wao ndio wengi. Tena iko habari ya ajabu kutoka Gambia, katika Afrika ya Magharibi. Katika kijiji cha Keneba na vijiji vya jirani wataalamu wamepima mifupa ya wanawake wakulima kwa miaka mingi. Wanawake wale hupata kalsiamu kidogo sana katika chakula chao, miligramu 300 hadi 400 kwa siku, na huko Uingereza watu wazima hushauriwa kupata 700. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba wanawake wazee wa huko wana madini machache mifupani kuliko wanawake wa Uingereza, hata hivyo kuvunjika kwao ni kwa nadra. Basi iko nguvu nyingine isiyoonekana katika namba ile: umbo la mfupa, kazi za mwili tangu utotoni, kwenda kwa miguu, na namna mtu aangukavyo au asivyoanguka.

Lakini mtu asiichukue habari ya Gambia akasema, "Basi sisi Waafrika hatuvunjiki." Nimemzika mama yangu. Watu wetu siku hizi huishi miaka mingi kuliko babu zao. Wengine wamehamia mijini, hukaa vitini mchana kutwa, hupanda gari kwenda mahali pa hatua mia mbili. Nguvu ile ya Keneba haikai katika damu ikingoja, hujengwa kwa jembe na kwa mwendo.

Tena mashine hizi za kupimia ni chache katika nchi zetu, nazo zimo katika miji mikubwa. Je, aliye kijijini afanyeje? Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, kilitoa mwaka 2008 hesabu iitwayo FRAX, ambayo daktari aweza kuifanya hata bila mashine. Huuliza umri, uzito na urefu; huuliza kama mtu alikwisha kuvunjika mfupa, kama avuta tumbaku, kama anywa pombe nyingi, kama ametumia dawa za jamii ya prednisoloni kwa muda mrefu, na kama ana ugonjwa wa baridi yabisi ya viungo. Liko na swali hili: je, baba yako au mama yako alivunjika nyonga? Nalipolisoma swali hilo nalikiweka kitabu chini kwanza. Nalimkumbuka dada yangu.

Nimwelekee sasa mwalimu aliyeniandikia, na kila mwenye mama nyumbani. Aangukaye akavimba kifundo, kwanza mvue pete na bangili upesi, kabla vidole havijavimba. Usivute mkono, usichue, usitie mafuta ya moto. Ulaze juu ya kibao au gazeti lililokunjwa, uufunge kwa kitambaa pasipo kukaza, uutundike shingoni kwa khanga, kisha mwende hospitali siku ile ile mkono upigwe picha. Vidole vikifa ganzi, au vikawa baridi na kubadilika rangi, ni haraka zaidi. Wengi hufungwa plasta ngumu kwa yapata majuma sita, na katika siku hizo vidole, kiwiko na bega visilale. Vichezwe kila siku, la sivyo mkono utatoka katika plasta mkavu kama kuni. Na vidole vilivyo ndani ya plasta vikianza kuuma kupita kiasi au kufa ganzi, rudini usiku huo huo, msingoje siku mliyopangiwa.

Lakini mkisha kufungwa plasta msiondoke bila kuuliza. Hili ndilo neno langu kubwa katika barua hii. Mwambieni daktari: "Mama huyu ana miaka 58, naye ameanguka kutoka kimo chake mwenyewe tu. Je, mifupa yake ikoje?" Hospitali zina watu wengi, na mwenye kuunga mkono huunga mkono, asipoulizwa, mara nyingi habari huishia hapo. Ikionekana lazima, ziko dawa. Moja iitwayo alendroneti imetumika tangu mwaka 1995, nayo huwazuia wabomoaji. Humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa maji matupu mengi, na mwenye kuimeza hukaa wima au husimama kwa nusu saa, asirudi kulala, maana hulichoma koo. Hiyo si dawa ya kununua dukani kwa ushauri wa jirani.

Katika chakula, sisi hatukuachwa maskini. Dagaa waliwao wazima pamoja na mifupa yao, maziwa na mtindi, na uji wa ulezi, nafaka ambayo kwa kalsiamu huipita mahindi mbali sana. Nimewaona watu walioacha ulezi kwa kuona ni chakula cha kizamani, wakanunua unga mweupe wa dukani kwa fedha. Jua nalo husaidia, kwa kuwa ngozi ikipigwa na jua mwili hufanya vitamini D, na bila hiyo kalsiamu ya tumboni haiingii mwilini vema. Mgonjwa asifungiwe chumbani mwezi mzima kwa kudhani anahifadhiwa. Na kazi ya kadiri, kutembea, kubeba kidogo, isikome, kwa kuwa mfupa usiopewa kazi hubomolewa upesi.

Kina mama wanyonyeshao wasiogope habari hizi. Ni kweli mama hupungukiwa madini wakati wa kunyonyesha, lakini mtoto aachapo ziwa mifupa hujirudisha. Na wale watumiao dawa za virusi vya ukimwi, wengine hupata dawa iitwayo tenofovia, ambayo hupunguza kidogo madini ya mifupa, hasa mwanzoni. Wasiiache hata siku moja kwa ajili ya maneno yangu. Mfupa waweza kutunzwa, lakini dawa ile yashika uhai wenyewe. Wamwulize daktari wao tu. Na wenye prednisoloni vivyo hivyo, wasiikate ghafula.

Kisha itazameni nyumba. Twaweza kusema mengi juu ya madini, na bado asiyeanguka havunjiki. Kizingiti kirefu, mkeka uliokunjika pembe, njia ya uani isiyo na taa, ndala iliyokwisha kisigino. Hivi ndivyo vivunjavyo. Tena macho. Mama mzee mwenye mtoto wa jicho huanguka kwa kutoona, na mtoto wa jicho hutolewa. Tumewaacha wengi wapapase ukuta kwa miaka, tukiita kuwa ni uzee.

Kuhusu yule kijana wa mwembe, alipata rehema siku ile, lakini walimu wasidhani kuwa watoto wana mifupa ya chuma. Wakati wa kubalehe mtoto hurefuka kwa haraka kuliko madini yanavyoweza kuujaza mfupa mpya. Fito zimefungwa, udongo bado waletwa. Ndiyo sababu wasichana wa yapata miaka 11 na wavulana wa yapata 13 au 14 huvunjika vifundo kuliko watoto wa umri mwingine. Mwaka 1998 watu wa Dunedin, New Zealand, walitangaza kuwa wasichana waliovunjika mikono walikuwa na madini machache mifupani kuliko wenzao wasiovunjika. Basi mtoto avunjikaye mara ya pili na ya tatu asiitwe mtundu tu, aulizwe alichokula. Mwenye shamba la shule apande ulezi.

Nalimwandikia mwalimu majibu haya kwa ufupi, naye amenijibu kuwa mama mkwe wake alikwisha kufungwa plasta siku ile ile, nimshukuru Mungu, na kwamba watakaporudi kuifungua atauliza lile swali.

Nami nalikwenda kwa dada yangu, safari ya saa nne. Ana miaka 54. Nalimkuta anapura maharage. Nikamweleza habari zote, na nyonga ya mama, na karatasi ya Sheffield. Alicheka, akasema, "Mdogo wangu, mimi nina nguvu kuliko wewe." Ni kweli, anazo. Kisha akanyamaza, akaniambia kuwa mwaka jana alianguka mlangoni, mkono wa kushoto ukavimba majuma matatu, naye akauchua kwa mafuta ya nazi, hakumwambia mtu. Nikamwomba aunyoshe. Tulipoiweka mikono yake miwili mezani, mmoja kando ya mwenziwe, sote wawili tuliiona tofauti. Alitaka kungoja mpaka maharage yaishe. Sikukubali. Tumepanga kwenda hospitali Jumanne ijayo, na mwanawe mkubwa amekwisha kuchimba mfereji mbele ya mlango ili maji ya mvua yasituame kizingitini.